Mashine Iliyokohoa

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni atajifunza kwa kusikia sauti halisi ya mwenye lugha, wala si ya mwalimu. Atarudia akisikiacho kama kilivyo, bila kuuliza maana. Ndivyo usemavyo waraka wa idara, aya ya pili, na aya ya pili ya waraka haijawahi kukosea.

Waraka ulikuja na mashine ya kanda na spika moja kubwa. Mashine ikapewa vipindi vya Kifaransa. Aliyekuwa akivifundisha kwa miaka ishirini na sita, ambaye wanafunzi walimwita Mama Matamshi, akapewa ufunguo wa stoo ya kuitunzia. Lugha ile alifunzwa na mtawa mmoja mkali, herufi kwa herufi, rula ikiwa karibu. Alibakiwa na miaka mitatu kustaafu, na alitaka jambo moja tu: siku hiyo imkute darasani, chaki mkononi.

Mashine ilisema wiki tano. Ya sita ikatafuna kanda, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akaifunga. "Hii tuizike tu," akasema. Zilibaki siku mbili mkaguzi wa idara afike kuisikiliza.

Mwalimu mkuu akamfuata Mama Matamshi stooni.

"Mama, shule inakutegemea. Kati ya hapa na darasani ni dirisha la mbao tu. Spika tunaiweka dirishani, wewe unakaa nyuma yake na kitabu."

"Niwe mashine?"

"Kipindi kimoja tu. Tukipita, darasa lako nakurudishia. Neno langu hilo."

"Neno lako nitaliweka wapi, mkuu? Stoo imejaa."

Mkuu akacheka peke yake. Lakini mtumikie kafiri upate mradi wako, Mama akakubali.

Siku ya ukaguzi, mwalimu msaidizi alibonyeza kitufe kwa heshima zote. Mama akahesabu hadi tatu, akaanza mazungumzo ya stesheni: abiria kwa sauti nyembamba, karani wa tiketi kwa sauti nzito. Baada ya kila sentensi alinyamaza, darasa likarudia. Abiria alipokaribia kuuliza treni inaondoka saa ngapi, vumbi la chaki la miaka ishirini na sita likampanda kooni. Akakohoa mara mbili.

Darasa zima, kwa utii wa aya ya pili, likakohoa mara mbili.

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Taarifa ilifika baada ya wiki mbili: "Sauti ya mashine ni safi, ya mwenye lugha hasa, hakuna mwalimu wa hapa awezaye kuifikia. Mashine ifutwe vumbi. Nafasi ya mwalimu wa somo ifutwe pia."

Mkuu aliileta mwenyewe, akaitua juu ya kasha la spika.

"Mama, nikisema ukweli tunafukuzwa sote wawili."

"Nimeshindwa na nani, mkuu?"

"Na mashine, Mama."

"Ipi?"

Mkuu akatazama dirisha. Mwezi uliofuata Mama Matamshi alihamishiwa masjala ya idara, kupanga mafaili. Miongoni mwake lilikuwamo la waraka ule.

Mwisho wa mwaka ulifanyika mtihani wa kuzungumza. Wanafunzi wote thelathini na mmoja walipata alama za juu za matamshi. Kila mmoja, kabla ya kuuliza treni inaondoka saa ngapi, alikohoa mara mbili.