Lavenda ya Auma Niliiua Mimi

Wacha niseme leo, la sivyo nitapasuka. Lavenda ya Mama Auma haikuuawa na kuku. Niliiua mimi!

Miaka ya tisini tuliishi Kaloleni, mlango kwa mlango. Mama Auma alikuwa amempoteza bintiye, Auma, aliyefanya kazi ya nyumba kwa tajiri fulani. Auma ndiye aliyeleta kitawi cha lavenda kutoka bustani ya tajiri huyo, akakipanda kwenye debe la mafuta ya kupikia mlangoni kwao. Alipofariki, mamake akabaki na hilo debe. Kila asubuhi anainama, anasugua jani moja, ananusa vidole. Ukimkuta hapo, hata salamu unangoja kwanza.

Akapata msiba ocha, kijijini kwao, akaniita. "Mama Wafula, nakuachia mtoto. Tia kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu ndio utie maji, na ni kidogo tu. Hii inapenda jua na changarawe. Usiionee huruma!"

Nikamwambia asafiri bila wasiwasi. Moyoni nikacheka, mmea gani huo wa kunyimwa maji? Na mnajua mifereji yetu ilivyokuwa, leo inatiririka, kesho inakohoa tu. Kwetu maji ndiyo mapenzi! Hata ya kusuuzia sukuma wiki hatukumwaga. Kwa hivyo kila jioni niliimwagia, na ili tone lisipotee nikaliweka debe ndani ya karai. Maji yakituama pale chini, najisifu, sasa imeshiba.

Ikaanza kugeuka manjano. Mimi nikaongeza maji. Aki ujinga! Nilipokuja kushika shina, chini lilikuwa laini, linanuka matope. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Nikaficha karai.

Mama Auma aliporudi, mkoba ungali begani, aliona debe kabla ya kuniona mimi. "Yawa! Mama Wafula, ni nini hii?"

Mdomo ukasema wenyewe. "Ni kuku wa Mama Njeri. Walichakura mizizi yote."

Nilidhani atalia tu yaishe. Wapi! Alivuka moja kwa moja hadi kwa Mama Njeri, jirani yetu mpole, yule yule aliyetupikia uji kwenye matanga ya Auma. Walitupiana maneno mpaka mtaa ukatoka nje. Mama Njeri akaapa kuku wake hawajatoka kizimbani. Akaniangalia. Nikatazama viatu vyangu.

Hawakusalimiana tena. Mama Njeri aliwachinja kuku wote, ilhali alikuwa akiishi kwa kuuza mayai yao.

Halafu siku moja Mama Auma akabisha kwangu na kopo dogo. "Juu kulikuwa na vijiti viwili bado vizima. Nilivichomeka kwenye mchanga, vimeshika. Kimoja changu, hiki chako. Wewe ndiye uliyemtunzia Auma mmea wake."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Jamani, asante!

Mama Auma alishafariki. Mama Njeri alihama, nimemtafuta hadi sokoni Kariokor, sijampata. Lavenda iko kwangu, imejaa maua. Kutwa naihamisha, dirisha hili, dirisha lile, situlii. Harufu ikinifikia, natoka chumbani.

Wenzangu, ukiachiwa kitu cha mtu, kitunze alivyosema mwenyewe, si unavyopenda wewe. Na ukikiharibu, sema hapo hapo, mkoba ungali begani! Mimi kuinyima maji nilishajifunza. Kuinusa ndio nimeshindwa.