Shikamoo Mbili za Hedaru

Ernesta hutumia mkono wa kushoto. Nilipomfundisha darasa la nne nilijaribu kumgeuza nikashindwa. Leo anakata vitambaa kwa mkono huohuo mjini Same, katika nyumba ambamo akina mama wa makanisa matatu huwapokea wasichana waliotolewa kwenye biashara ya kuuzwa miili yao. Ana miaka ishirini na mitatu, na anawafundisha wenzake kushona. Ameniruhusu niandike haya machache. Yaliyobaki ni yake.

Kwao ni kijijini kwetu, juu ya Hedaru, tunakolima tangawizi. Mama yake, Elirehema, huimba kwaya. Ernesta alipomaliza kidato cha nne, mwanamke mmoja mnunuzi wa tangawizi, aliyekuwa akipanda mlimani kwetu kila msimu na kusali pamoja nasi, aliomba msichana wa kumsaidia kwenye mgahawa wake barabarani. Wazazi wakaridhia. Mgahawa haukuwapo. Ilikuwapo nyumba ya wageni ya madereva wa malori, pale Hedaru barabara kuu, na chumba cha uani kilichofungwa kwa nje. Simu yake ilichukuliwa siku ya kwanza. Akaambiwa kwamba akithubutu kutoroka, picha zake zitafika kijijini kabla yake.

Mawingu yakiondoka, aliweza kuiona milima ya kwao kutoka pale uani.

Watu wetu hushuka Hedaru kila siku ya soko. Walimwona, na habari zikapanda mlimani. Mimi ni mzee wa kanisa. Katika Baraza la Wazee nilisema kwamba Neno la Mungu halina upendeleo, nikapendekeza atengwe: jina lake lisomwe ibadani, na akirudi asiikaribie Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya usharika, atubu, ndipo arudishwe kundini. Jina lilisomwa. Elirehema alikuwa amesimama na kwaya. Wimbo uliofuata hakuuimba.

Kuna jambo sikuliambia Baraza. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimeshuka Hedaru kununua misumari ya paa la kanisa. Ernesta alikuwa mlangoni pa nyumba ile, amepakwa rangi mdomoni, na nyuma yake mwanamume ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua. Nikaongeza mwendo.

"Mwalimu, shikamoo." Mara hii kwa sauti ya chini zaidi.

Kwetu hata mtu uliyegombana naye shambani akikuamkia humwachi bila kumwitikia. Mimi niligeuza uso nikapita na misumari yangu.

Ilipita miezi kumi na mmoja ndipo Mama Hedwiga, msimamizi wa nyumba ya Same, alipokwenda na polisi wakamtoa Ernesta na wenzake watatu. Alikaa Same mwaka mzima, halafu akaomba jambo moja tu: apige magoti mezani pa Bwana kando ya mama yake siku ya Pasaka. Baraza likanipa mimi kazi ya kumwandaa kwa toba. Nikaipokea.

Tuliketi watatu katika ofisi ya usharika.

"Utasimama mbele," nikamwambia, "utakiri dhambi ya uasherati, na usharika utakupokea."

"Mwalimu," akasema Mama Hedwiga, "mtu akivunjiwa nyumba usiku, kwenu hutubu yeye au mwizi?"

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

"Hata kule nilikomtoa walikuwa na utaratibu. Mzuri sana. Kila mlango na kufuli lake."

Ernesta alikuwa akikunja pindo la kitenge chake. "Nitasimama, Mwalimu. Nafanya kwa ajili ya mama. Ila nikuulize: na ile siku ya misumari, niitaje?"

Nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Nilidhani hukunisikia, ndiyo maana nikarudia. Yule mlinzi aliyeketi nyuma yangu akacheka. Akaniambia, 'Huyo ndiye mwalimu wako? Kumbe mwenyewe anakujua wewe ni nani.' Tangu siku hiyo sikumwamkia mtu wa kwetu tena. Walipita wengi."

Niliyekuwa nikimtafutia dhambi ya kukiri nilikuwa nimekaa na yangu mfukoni.

"Sitakuandalia toba," nikasema. "Nitakwenda mbele mimi."

"Basi sema yako, Mwalimu. Yangu niachie."

Siku ya Pasaka, kabla ya Meza, nilimwomba mchungaji nafasi. Nilisimama pale tunapowasimamisha wasichana, jirani na mimbari, nikasema kwamba nilimpita mtoto wa usharika huu aliyeniita mara mbili, kisha nikamhukumu bila kumsikiliza, na jina lake halikupasa kusomwa. Nilijua vizuri jinsi watu wanavyomtazama aliyesimama pale, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewatazama hivyo miaka mingi. Kisha nikaenda kuketi benchi la nyuma, karibu na mlango, nikamwona Ernesta akiitwa na mchungaji, akapiga magoti kando ya mama yake.

Siku hizi Elirehema hunipa tangawizi nimpelekee Same. Natangulia mimi: "Habari za kazi, Ernesta?"

"Nzuri. Karibu kiti," hujibu, macho kwenye kitambaa, mkasi mkono wa kushoto.

Shikamoo hajanipa tena. Sijaiomba.