Mto Ulioosha Bati na Kunywesha Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kwenye mgodi wa bati, huko Kyerwa, nilipewa karai nikaambiwa nisimame mtoni. Sisi wenyeji tuliuita Kanyambogo, mto mdogo unaomwaga maji yake katika Mto Kagera. Wenye mgodi waliuita Namba Tatu. Kazi yetu waoshaji ilikuwa kumimina kokoto kwenye mfereji wa mbao. Maji huchukua udongo, na bati, jeusi na zito, hutuama chini. Nawaambieni vijana, ilikuwa kazi tamu. Mkono ukishazoea, hulijua bati kabla jicho halijaliona.

Ila maji yalitoka kwetu mekundu, na bondeni chini yetu ndiko walikokunywa ng'ombe wa baba. Wakagoma kunywa. Baba akanipiga marufuku kugusa maziwa nyumbani kwake.

"Uwachafulie maji, kisha unywe maziwa yao?" alisema.

Iliniuma sana. Kwetu wafugaji, mtoto anayenyimwa maziwa ameshafukuzwa nusu.

Kiangazi kilipokaza, baba na wenzake wakapandisha mifugo hadi kwenye bwawa lililolisha mfereji wetu. Wangeingia, ukingo wa udongo ungebomoka na kazi ingesimama. Bwana Mkubwa, msimamizi wa mgodi, akapaza sauti: "Wafukuzeni!" Hakuna aliyesogea. Ng'ombe akishafika majini na kiu yake, hafukuzwi.

Nyapara wetu, mtu wa Nkwenda, mkulima wa migomba asiye hata na ndama, akavua kofia.

"Bwana Mkubwa, niachie watu hawa mpaka jua lipinduke. Bwawa halitaguswa."

Akatuamuru tufinyange kibumbiro, yaani birika la udongo la kunyweshea, kando ya bwawa. Tukalijaza kwa makarai yaleyale ya bati. Baba akawaleta ng'ombe mmojammoja, akiwaita kwa majina. Bwana Mkubwa akaagiza iwe hivyo kila adhuhuri. Nyapara yule namheshimu hadi kesho.

Ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa, baba aliitazama mikono yangu yenye tope.

"Jioni pitia nyumbani, mwanangu. Maziwa yako yapo."

Niliosha bati miaka mingi, nikawa nyapara, nikastaafu. Siku hizi vijana huuita mto ule Kibumbiro, na wengi hawajui kwa nini. Namba Tatu hakuna aikumbukaye. Bati letu lote lilipakiwa likaenda Ulaya, wala sina hata kijiko chake. Lakini nikilisikia jina la Kibumbiro likitajwa sokoni, nafurahi kana kwamba nimeitwa mimi.