Likizo ya Solai

Miaka ya hamsini, mtu wa kwetu alifunga safari kwa sababu ya harusi, kesi au matanga. Baba, karani wa reli pale Nakuru, aliongeza sababu nyingine. Alikuwa amemwona bosi wake Mzungu akipeleka familia ziwani kukaa bure na kutazama maji, kisha akirudi mwekundu mwenye furaha. Akaamua nasi tutapumzika.

Msishangae, vijana. Mnaona likizo kama mvua, kitu kilichokuwepo tangu zamani. Kwetu ilibidi mtu aianzishe, na mwanzilishi hukosea hapa na pale.

Nyumba aliiazima kwa rafiki yake, nyapara wa shamba moja huko Solai, kaskazini, aliyekuwa amekwenda kwao.

"Huko utapumzika kabisa," alimwambia Mama.

"Maji atachota nani?"

Baba akajibu kwamba hewa ya huko ni safi sana.

Gari la moshi lilitushusha alasiri. Baba alitangulia, mikono nyuma kama bosi wake. Mama alifuata na sufuria kichwani, unga mkononi na mtoto mgongoni. Nyumba ilikuwa imejaa vumbi na popo, na mto ulikuwa chini kabisa ya kilima. Mama alishusha mzigo, akautazama mto, akachukua debe.

Kabla hajatoka, wanawake wa kambi ya wafanyakazi wakaingia, vichwa wamefunga leso. Familia nzima, pamoja na sufuria, katika nyumba iliyokuwa imefungwa? Ni wazi hawa wamefiwa.

"Poleni sana. Ni nani, mama?"

"Hakuna aliyekufa!" Baba alisema. "Tumekuja kukaa tu."

"Kukaa tu?" Walitazamana. "Maskini, uchungu umemchanganya. Mpeni kiti."

Mama angeweza kuwaeleza. Alilitazama debe. Kisha akaketi, akanyoosha miguu, akainamisha kichwa. Hakudanganya; alinyamaza tu.

Debe likachukuliwa mkononi mwake. Moto ukawashwa, popo wakafukuzwa, ugali na mboga vikaja, na kesho yake vikaja tena. Nje, Baba aliwaeleza wanaume maana ya likizo.

"Ndiyo, mzee," walimwambia. "Lia tu, usijikaze."

Siku ya kurudi, ndani ya gari la moshi, Baba alimuuliza Mama kama amepumzika.

"Sana," Mama alisema. "Mwaka ujao turudi, uwaeleze tena."