Plagi Mbili za Nunzio

Hapa kwetu Petralonga ndevu zilinyolewa na Gaspare, na injini zilitengenezwa na kaka yake Nunzio, na hakuna aliyewahi kuwaomba wabadilishane. Gaspare alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nunzio alikuwa fundi wa pampu za kumwagilia michungwa. Ukimuuliza hali, alitazama mawingu kwanza. Mimi ni binamu yao, na gereji yao imepakana ukuta na jiko langu, kwa hiyo mengi niliyasikia nikiwa nakoroga mchuzi.

Kilichowaunganisha ni gari, Fiat Uno Turbo nyekundu. Kila mwaka, kwenye mashindano ya magari ya kupanda mlima, Nunzio aliitengeneza na Gaspare akaiendesha. Hawakuwahi kushinda, lakini pia hawakuwahi kuzimikiwa njiani, na hilo Nunzio alilihesabu kuwa ushindi wake.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja Nunzio aliifungia turbo kubwa kuliko ya kwanza, ili kuiongezea injini nguvu. Alikuwa bado hajaweka plagi mpya, zile zinazowasha petroli ndani ya injini. Asubuhi moja mkewe Venera alisikia kikombe kikimponyoka, akageuka, akamkuta ameegemea meza uso umepinda. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mkono na mguu wa kulia vilikuwa havimtii, na maneno yote yalikuwa yamemtoroka isipokuwa moja: "Jumapili." Akitaka chumvi, Jumapili. Akitaka kufungiwa dirisha, Jumapili. Daktari alisema kichwani anaelewa kila kitu. Ni maneno tu yanayopotea njia.

Gaspare alianza kwenda kumnyoa kila asubuhi. Alimpaka povu, akamsimulia habari za mji, na akifika kwenye kidevu alinyamaza, kwa sababu hapo ndipo zamani Nunzio alipokuwa akimwambia, "Angalia usinichinje."

Mashindano yalipokaribia, Gaspare akafungua gereji. Kwenye rafu alikuta maboksi mawili ya plagi alizonunua kaka yake. Plagi hazifanani, hata zikionekana mapacha. Iko plagi inayobaki na joto lake, nayo mafundi huiita ya moto. Iko inayolitoa joto haraka, hiyo ni ya baridi. Ukiiongezea injini nguvu halafu ukaweka ya moto kupita kiasi, ncha yake hugeuka kaa la moto, petroli ikawaka kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka. Ukiweka ya baridi kupita kiasi, plagi hujaa masizi na gari likakohoa. Hayo Gaspare aliyajua kwa kuyasikia. Asichokijua ni boksi lipi kaka yake alilikusudia.

Akajaribu zile za baridi kwanza. Gari likapita mjini likikohoa na kujamba moshi. Nje ya baa, mwenye baa Iano alisimama na kitambaa begani.

"Kinyozi! Mpeleke huyo mgonjwa kwa padri, apakwe mafuta!"

"Funga mdomo, Iano, la sivyo nakunyoa upande mmoja!"

"Nunzio angekuwepo tungekuwa tunaisikia ikiimba!"

Watu walicheka. Gaspare naye alicheka, lakini nilimwona masikio yamemwiva. Akarudi, akafunga zile za moto. Gari likatulia, likavuma vizuri kama cherehani mpya. Akashindwa kujua aamini kipi. Akampigia simu fundi mmoja wa mjini Catania, akaambiwa weka za baridi. Akampigia mwingine, akaambiwa injini hujisemea yenyewe, sikiliza inapofurahi.

Kesho yake alikwenda kunyoa akiwa na plagi moja ya kila aina mfukoni. Nilikuwepo, nimempelekea Venera mkate.

"Kaka," alisema, amepiga magoti mbele ya kiti, "nisaidie. Hii?"

"Jumapili."

"Najua mashindano ni Jumapili. Nauliza hii, ya moto. Niiweke? Nikubalie kwa kichwa tu."

Nunzio akatikisa kichwa kukubali. Macho yake lakini yalikuwa yamemtoka.

"Na hii ya baridi?"

Akakubali tena.

"Zote mbili haiwezekani, kaka yangu! Moja! Shika ile unayoitaka."

Akamwekea ya moto kwenye kiganja cha kushoto. Nunzio akaitazama, vidole vikafumbuka, plagi ikaanguka sakafuni. Gaspare akaiokota, akamrudishia taratibu, kama unavyomrudishia mtoto kijiko. Ikaanguka tena. Povu lilikuwa linamkaukia Nunzio shavuni.

"Mkono umemchoka," Gaspare alisema. "Basi. Nisimtese."

"Jumapili," Nunzio alisema. "Jumapili. Jumapili!" Akampiga mdogo wake kifuani kwa ule mkono wa kushoto, na Gaspare akaushika, akaubusu, akidhani ni baraka.

Akaweka zile za moto.

Siku ya mashindano tulimpeleka Nunzio kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye kona ya kanisa dogo, ambapo barabara inainuka ghafla. Palikuwa na soseji za kuchoma, vumbi, na wajomba wakibishana. Tuliisikia Uno kabla ya kuiona. Ilikuja kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona kwao, na watu wakasimama juu ya ukuta wakipiga kelele za furaha.

Ndipo Nunzio akaanza kupayuka. "Jumapili! Jumapili!" Alijivuta mbele mpaka Venera akamdaka kwa kola ya shati.

"Mwangalieni Nunzio, anamshangilia mdogo wake!" alisema mtu nyuma yetu, na wengine wakaitikia, wakapiga makofi, wakaimba naye lile neno.

Mimi niliinama karibu naye, na kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza, nami nikasikiliza. Chini ya mngurumo kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, kama changarawe zinazotupwa juu ya bati: petroli ikiwaka kabla ya wakati wake. Sikuwa na la kufanya. Gaspare alikuwa amevaa kofia ngumu, kioo kimefungwa, anapita mbele yetu. Nilipunga mikono, naye akapiga honi kunijibu.

Juu kidogo ya kona kukasikika mshindo mmoja, kisha moshi, kisha kimya. Gari likarudi nyuma polepole, kwa uzito wake, mpaka Gaspare alipolishika kwa breki.

Jioni ile Gaspare alifungua injini, akaja jikoni kwa Venera na plagi moja. Ncha ilikuwa imeyeyuka, na pistoni, alisema, ina tundu la kupitisha kidole. Akaiweka ile plagi mezani mbele ya kaka yake.

"Ulinikubalia," alisema. "Nilikuuliza ukanikubalia."

"Ananikubalia hata nikimuuliza kama amekufa," Venera alisema bila kugeuka kutoka kwenye sinki. "Kichwa kinakubali tu, shemeji. Hujui? Tangu hospitali."

Hakujua. Alikuja kila asubuhi akaongea yeye, akaondoka. Akakaa chini, akafunika uso. Nunzio akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika sikio, akalivuta kidogo, kisha akauacha mkono pale pale.

Ile Uno haikutengenezwa. Gaspare hakuruhusu fundi mwingine aifungue, na yeye mwenyewe hawezi kuitengeneza.

Mwezi wa Novemba muuguzi wa kumfundisha kusema upya alianza kuja, na siku moja Nunzio akasema, "Maji." Venera akapiga simu dukani kwa Gaspare akilia. Gaspare akamwacha Iano kwenye kiti na povu usoni, akakimbia, nami nikaingia nyuma yake. Wakamletea Nunzio glasi, akanywa. Akasema tena maji, wakajaza tena, akanywa. Akaendelea kusema, nao wakaendelea kujaza, Nunzio akimeza huku akiwatazama kwa zamu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama ni maji aliyokuwa anayataka.