Kucha za Msusi

Tulikuwa tukiunda vazi la wanaanga katika karakana karibu na Dagoretti Corner, nami nilipima jinsi mikono inavyofanya kazi ndani ya glavu yake iliyojazwa hewa, inayobana ncha za vidole. Nilimwomba msusi wa Kenyatta Market aijaribu, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyetu. Alikaza skrubu ndogo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vidole vinauma, na sasa vimekufa ganzi."

"Vumilia kidogo," nilimwambia. Kwenye fomu ya majaribio nikaandika: hakuna maumivu. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua kesho yake.

Wiki iliyofuata nilimkuta kibandani kwake amekaa tu, kucha mbili zimekuwa nyeusi, mwenzake akimsukia mteja wake.

"Ile nguo yenu ilifaulu?" akaniuliza.

Nilijibu ndiyo, nikashindwa kumtazama. Fomu ile sijairekebisha mpaka leo.