Neno Moja Katika Barua ya Baba

Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la ngano la Mzungu mmoja huko Mau Narok. Maneno ya kuzungukazunguka hakuyajua. Nilipokuwa darasa la saba, alimwambia bwana wake mbele ya wageni, "Bwana, ngano hii bado ina maji. Ukivuna leo itaoza." Bwana alicheka, akavuna. Ngano ikapata joto ghalani, ikaota ukungu. Baba akamwendea tena. "Nilikuambia." Kesho yake alifutwa, akapewa barua ya kumwonyesha mwajiri mwingine.

Tukahamia Nakuru kwa shangazi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli.

"Mama, nisomee," baba akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mamake.

Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa changu. Nikasoma: anaijua trekta, hanywi pombe, ni mwaminifu. Halafu nikafika kwenye "blunt". Darasani tulifundishwa neno hilo kwa mfano wa kisu.

"Butu," nikasema. "Kama kisu kisichokata."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyoandika, baba."

"Miaka yote hiyo, kumbe aliniona mjinga." Hakupaza sauti. Aliikunja ile karatasi, akaitia katika jiko la shangazi. Niliiona ikishika moto na mkono wangu haukuinuka.

Bila barua, hakuna aliyemkabidhi trekta. Alikwenda Rongai, akaenda mpaka Ndabibi, na kote aliulizwa barua iko wapi. Mwishowe akabeba magunia katika kinu cha unga.

Miaka michache baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu alimwita msichana mmoja "blunt". Nikadhani amemtukana. Akanieleza kwamba ni mtu anayesema jambo lilivyo, bila kulipaka asali.

"Ni sifa au ni lawama?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Inategemea nani anasema, na anamwambia nani."

Nikamsimulia habari ya barua. Akasema huenda hata isingemsaidia. Wazungu wengi wangelisoma neno hilo kuhusu Mwafrika na kufunga mlango. Sikujua kama nishukuru au nilie.

Likizo ilipofika nilimkuta baba ameketi mlangoni, unga umemganda kwenye nyusi. Nikamweleza yote.

"Hakusema wewe ni mjinga, baba. Alisema unasema ukweli waziwazi."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeumizwa. "Mama, usinitafutie maneno ya kunituliza. Siku ile ulisoma sawa."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Ulikuwa mtoto, na mtoto hajui kuficha."

Nikaleta kamusi, nikaifungua, nikaweka kidole chini ya lile neno. Kusoma hakujua. Aliuangalia ukurasa kwa adabu, muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula.